Chupa Inayojua Njia ya Kurudi

Huenda uko jikoni, huenda umo ndani ya daladala, huenda wewe ni dereva na lori lako limesimama kwenye foleni ya mizani. Popote ulipo, nakuomba tukae pamoja kwa dakika chache tuzungumze juu ya kitu ambacho umekishika leo hii na pengine umeshakitupa: kifungashio. Mfuko, chupa, boksi, kipakti, nailoni iliyozungushiwa kitu kipya. Na tukishakizungumza hicho, tuizungumze na safari yenyewe ya bidhaa, kutoka kiwandani hadi mkononi mwako, na yale inayoyaacha nyuma: moshi hewani, taka mtoni, plastiki baharini.

Naanza na chupa ya soda.

Nilipokuwa mtoto, mgeni akifika nyumbani nilitumwa dukani na vitu viwili mkononi: hela na chupa tupu. Bila chupa, Mangi mwenye duka hakupi soda. Ama uache hela ya chupa, ama uinywe palepale mlangoni huku akikutazama. Mama alikuwa na kreti ya chupa tupu chini ya meza, na kreti ile ilihesabiwa kama vyombo vingine vya nyumbani. Jirani mwenye shughuli aliiazima kwa idadi, chupa ishirini na nne, na aliirudisha kwa idadi. Ukivunja chupa moja, hiyo ilikuwa kesi.

Njiani nilipenda kuigeuzageuza chupa ile juani. Ukiitazama kwa karibu utaona kwenye mabega yake, na tena chini karibu na kitako, pete nyeupe ya mikwaruzo, kama chumvi iliyokaukia kwenye kioo. Nilidhani ni uchafu, nikawa naisugua kwa kidole, haitoki. Baadaye sana nikaja kuelewa kwamba pete ile ni kumbukumbu ya safari. Chupa husuguana mabega zikipita kwenye mashine za kuoshea na kujazia, husuguana tena ndani ya lori. Chupa mpya haina pete. Chupa yenye pete pana imetoka kiwandani na kurudi kiwandani mara nyingi. Imepita harusini, imepita msibani, imeoshwa, imejazwa, imetoka tena. Chupa ya namna hiyo huweza kuzunguka mara ishirini na zaidi kabla haijavunjika au kuondolewa, na hata hapo kioo chake huyeyushwa kikawa chupa nyingine.

Sasa isimamishe kando yake chupa ya plastiki ya maji. Malighafi yake ni mafuta na gesi vilivyochimbwa mbali, vikasafirishwa, vikageuzwa plastiki. Ikajazwa, ikapakiwa lorini, ikafika dukani. Umeinywa kwa dakika tano. Baada ya hapo haina pa kwenda. Safari yake ilipangwa kituo kwa kituo mpaka mdomoni mwako, na hapo mpango ukaishia.

Neno langu la leo ni hili, msikilizaji. Kila kinachotoka kiwandani kiwe na njia ya kurudi, na njia hiyo iandaliwe na yule aliyekitoa.

Wazee walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo uliomo kichwani mwa mwenzako wewe unauona mwepesi, kana kwamba kanda lake limejaa sufi. Tazama jinsi methali hii inavyotufaa. Mwenye kiwanda, lori likishatoka getini, kifungashio kimemtoka mikononi. Mwenye duka anasema yeye anauza tu. Mnunuzi anasema yeye alitaka maji, hakutaka chupa. Kila mmoja anampasia mwenzake, na kila mmoja anaona ni sufi. Lakini mahali fulani mbele ya safari yupo anayebeba uzito wote. Ni mama anayefagia barabara alfajiri kabla jua halijatoka. Ni kijana mwokota chupa, anayebeba kiroba kikubwa kuliko yeye mwenyewe na kulipwa kwa kilo, wakati chupa kwa wepesi wake hazitimizi kilo upesi. Ni mvuvi anayeinua wavu akakuta mifuko. Ni halmashauri inayolipia magari ya taka kwa kodi yako na yangu.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, mahali pa kuuona uzito huo ni Jangwani, mvua za masika zikishapungua na Mto Msimbazi ukirudi kwenye njia yake. Niliwahi kusimama pale maji yaliposhuka. Tope lilikuwa limekauka juu likipasuka kama vigae, na katika kila ufa kulikuwa na kitu cha dukani: chupa iliyojaa tope nusu, kifuniko chekundu, kifuniko cha buluu, pakiti ya sabuni ya unga bado ina rangi zake zote, kandambili ya mguu mmoja. Nilichokiona sana ni kwamba majina ya bidhaa yalisomeka. Kila taka ilikuwa na jina la aliyeitengeneza. Tunapenda kusema taka hazina mwenyewe. Pale Jangwani zilikuwa na wenyewe, na majina yameandikwa kwa wino usiofutika.

Nchi zetu hazikulala, na ni haki tulitambue hilo. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu kali za faini ya mamilioni ya shilingi na kifungo. Hapa Tanzania, tarehe 1 Machi 2017 tuliviondoa viroba vya pombe kali, vile vipakti vidogo vilivyokuwa vimezagaa vituo vyote vya mabasi, na tarehe 1 Juni 2019 ikaondoka mifuko ya plastiki, ile tuliyoiita rambo. Unakumbuka jinsi tulivyodhani haiwezekani? Tulisema nyama tutabebea nini, dagaa tutafungia nini. Wiki chache baadaye watu walikuwa na vikapu mikononi, na maisha yaliendelea.

Lakini lipo jambo ambalo wengi hatukulisikia vizuri siku ile. Katazo la Tanzania liliihusu mifuko ya kubebea. Vifungashio vya plastiki vya bidhaa za viwandani, vya vyakula vilivyosindikwa, vya dawa, vya kilimo na vya ujenzi viliachwa nje ya katazo. Kenya nayo iliviacha vile vinavyofungasha bidhaa moja kwa moja kiwandani. Sababu zilikuwepo: dawa lazima ikingwe na unyevu, chakula lazima kikingwe na vijidudu. Sizibezi sababu hizo. Ila matokeo yake ni kwamba mnunuzi aliambiwa abadilike, akabadilika. Mfungashaji mkubwa bado tunamsubiri. Tumemwondolea mama rambo aliyobebea nyanya, na ndani ya kikapu chake kipya kuna biskuti ndani ya plastiki, chumvi ndani ya plastiki, tambi ndani ya plastiki, na maji ndani ya plastiki yaliyofungwa sita sita kwa plastiki nyingine.

Sasa nataka tuulizane: je, sisi hatujui kurudisha? Tunajua sana. Njoo jikoni kwako. Mtungi wa gesi ulioko pale, uwe wa kilo 6 au wa kilo 15, hujawahi kuutupa. Ukiisha unaupeleka, unapewa uliojaa. Hakuna aliyewahi kuukuta umeelea Msimbazi. Ile chupa kubwa ya maji ya kugeuza juu chini ofisini, hali kadhalika. Na dumu la njano la mafuta ya kula la lita 20, ambalo kiwanda hakikupanga lirudi popote, akina mama wetu wamelipangia kazi wenyewe: linachota maji kisimani miaka na miaka, likitoboka linazibwa kwa moto na kipande cha plastiki, likichoka kabisa linakatwa likawa la kupandia mchicha. Watu wanaofanya hivyo hawahitaji kufundishwa kutunza. Wanahitaji kuletewa vifungashio vinavyostahili kutunzwa.

Tena twende bandarini. Kontena lenyewe ni nini kama si kifungashio? Ni boksi la chuma. Tarehe 26 Aprili 1956 Mmarekani Malcom McLean alipakia makontena 58 katika meli iitwayo Ideal-X, ikatoka Newark hadi Houston, na biashara ya dunia ikageuka tangu siku ile. Leo ukiagiza mzigo ukafika Dar es Salaam au Mombasa ndani ya kontena, kampuni ya meli inaweza kukudai amana kwa ajili ya lile kontena. Ukilichelewesha kulirudisha, unatozwa kwa kila siku iliyozidi. Muulize wakala yeyote wa forodha jinsi wateja wanavyohangaika kulirudisha kontena tupu kwa wakati. Ni kanuni ileile ya Mangi na chupa yangu ya soda: acha hela ya chombo, ukirudisha chombo unarudishiwa hela. Wakubwa wa biashara ya dunia wanaijua kanuni hii vizuri na wanaitumia kwa boksi lao la chuma. Kilichomo ndani ya boksi, zile plastiki na maboksi na maputo ya kukinga mzigo, hayo wametuachia sisi.

Na huku pwani, msikilizaji, kurudi ni elimu ya zamani kuliko kontena. Majahazi ya Ghuba yalishuka na upepo wa kaskazi yakileta tende. Tende zile zilikuwa ndani ya makanda ya majani ya mtende, mti uleule uliozizaa. Upepo ukigeuka kusi, jahazi halikurudi tupu. Lilipakia boriti za mikoko, likazipeleka Arabuni kwenye nchi zisizo na miti ya kujengea. Baharia Mwaustralia Alan Villiers alisafiri na jahazi la Kuwait msimu wa mwaka 1938 na 1939, akafika nalo hadi delta ya Rufiji walikokwenda kutafuta boriti. Nahodha aliyerudi na jahazi tupu alikuwa amepata hasara, na nguvu ya upepo ilikuwa ya bure.

Vifungashio vyetu wenyewe vilikuwa na njia nyingine ya kurudi: vilirudi udongoni. Pakacha hufumwa kwa kuti la mnazi kwa muda mfupi, likabeba maembe au nazi hadi sokoni, likishachakaa likatupwa chini ya mnazi uleule likaoza. Jamvi, tumbi, kanda la ukili, gunia la katani, yote yalikuwa na mwisho unaojulikana. Na katani nayo ina habari yake. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1960 Tanganyika ilikuwa inazalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ikiongoza duniani. Dunia ilifunga marobota yake, nyasi zake na shehena zake kwa kamba iliyotoka Korogwe, Muheza na Morogoro. Ndipo ikaja kamba ya plastiki, rahisi na nyepesi, na mashamba yakaanza kugeuka mapori. Sisemi kila kitu kingebaki kama zamani. Nasema tulikuwa nacho kifungashio kilichoota katika ardhi yetu na kurudi katika ardhi yetu, kikashindwa na kingine ambacho bei yake haikujumlisha gharama ya kukiondoa mtoni. Ushindani ule haukuwa wa haki, na sasa tunaona nani amelipa tofauti.

Tugeukie barabara. Kila kilo ya mzigo ina moshi wake, na moshi huo unategemea chombo. Kwa tani moja ikisafirishwa kilomita moja, ndege ndiyo hutoa hewa ya ukaa nyingi kuliko vyote, makumi ya mara kuliko meli kubwa. Lori liko katikati. Treni iko chini sana ya lori, na meli ni ya chini kuliko vyote. Lakini kwa kuwa meli hubeba zaidi ya asilimia 80 ya ujazo wa biashara ya dunia, jumla ya moshi wake nayo si ndogo. Ni karibu asilimia 3 ya gesijoto za dunia. Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, limeshaanza kukaza kamba: tangu tarehe 1 Januari 2020 kiwango cha salfa katika mafuta ya meli kilishushwa kutoka asilimia 3.5 hadi asilimia 0.5, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuufikisha uchafuzi wa gesijoto wa meli kwenye sifuri halisi ifikapo mwaka 2050 au karibu na hapo.

Kwetu sisi, mahali penye nafasi kubwa ya kupunguza ni kati ya bandari na bara. Simama Mlandizi au Chalinze saa yoyote uhesabu malori. Yanakwenda Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi, Malawi. Yale ya Zambia, Malawi na Kongo yanapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50, kisha yanapanda mlima wa Kitonga yakinguruma; na wanyama hugongwa pale hifadhini, na chupa hutupwa dirishani pale, nyani wakazikimbilia. Malori ya Kongo na Zambia mengi hurudi na shaba. Lakini yapo mengi ya njia nyingine yanayorudi matupu, yakichoma dizeli mamia ya kilomita yakiwa yamebeba trela na upepo. Hata makontena, kwa kuwa tunaagiza mengi kuliko tunavyouza nje, mengi huingia yamejaa na kutoka matupu. Jahazi lililobeba boriti za Rufiji lilikuwa limetushinda hapo.

Reli ni dawa kubwa. Treni ya kwanza ya mizigo ya reli ya kisasa ya Kenya iliondoka Mombasa tarehe 1 Januari 2018 na makontena 104 nyuma ya kichwa chake. Hebu yafikirie hayo barabarani, mkia kwa mkia, kila moja na injini yake. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ipo tangu miaka ya 1970, na kila tani inayorudi kwenye reli ile ni tani iliyoondoka Kitonga. Na hii reli yetu ya kisasa inayotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma inatumia umeme, wakati nchi imejipatia bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115. Abiria tumeshaifurahia tangu mwaka 2024. Furaha yangu itatimia nikiona saruji, mbolea, bati na soda vikipanda treni hiyo kwa wingi, na mahindi, alizeti na zabibu kavu za Dodoma vikishuka nayo. Treni inayokwenda imejaa na kurudi imejaa ni jahazi letu la zamani juu ya chuma.

Nije kwenye jambo ambalo halihitaji reli wala bwawa, akili tu ya mfungashaji: tunasafirisha nini hasa? Mara nyingi tunasafirisha maji na hewa. Chukua sabuni. Mche wa sabuni hufika dukani bila vazi la maana. Mangi anaukata kwa kisu au waya, anakupa kipande kwenye gazeti. Ni sabuni tupu, haina maji ya kubeba. Sabuni ya maji ya chupa sehemu kubwa ni maji, na maji hayo yamepanda lori kutoka mji mmoja hadi mwingine, wakati bomba lipo kwako. Viwanda vya soda vilishalielewa hili zamani. Havikusafirisha soda kutoka bandarini hadi ziwani. Vilijengwa Dar es Salaam, Moshi, Mwanza, Mbeya, kiini cha soda kikasafiri peke yake, maji yakaongezwa hukohuko. Wauza ndoo na viti vya plastiki nao wanajua: ndoo huingia ndani ya ndoo, kiti hukaa juu ya kiti, sufuria humezana seti nzima, na lori moja linabeba mzigo ambao usipopangwa hivyo ungehitaji malori kadhaa. Ukifungua boksi kubwa ukakuta kitu kidogo kimezungukwa na maputo ya hewa, ujue umelipia safari ya hewa. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi. Hapa hakuna haja pakacha livuje. Lipakiwe kile kinachohitajika tu.

Najua, msikilizaji, unayo maswali, na ni ya haki. Utasema chupa ya kioo ni nzito. Kweli kabisa. Chupa ya soda ikiwa tupu uzito wake hukaribia au hata kuzidi uzito wa soda iliyokuwemo, wakati ya plastiki ni gramu chache. Kioo kinachotumika mara moja na kutupwa kinaweza kuchafua hewa kuliko plastiki, kwa sababu ya moto wa tanuru na uzito wa kukibeba. Ndiyo maana sikusema tutumie kioo. Nimesema kirudi. Kioo kinafaa kikizunguka mara nyingi na kikizunguka karibu, kiwanda kikiwa kwenye mkoa au kanda ileile. Kwa safari ndefu, na kwa dawa na vyakula vinavyoharibika, plastiki nyepesi inaweza kuwa na nafasi yake, mradi iwe ya aina moja inayoweza kuyeyushwa na kutumika tena, na awepo mtu anayelipwa kuirudisha.

Utasema pia kwamba vipakti vidogo ni ukombozi wa mwenye kipato kidogo. Mtu ana shilingi mia tano, anataka sabuni ya leo na majani ya chai ya leo. Nalielewa hilo, nimekulia humo. Lakini tulikuwa na dawa yake, nayo ni kupima. Mafuta ya kupima, sukari ya kupima, unga wa kupima. Unakwenda na chupa yako, unanunua kiasi cha hela yako. Mitaani Nairobi mashine za kupimia maziwa na mafuta ya kula zimerudisha utaratibu huu kwa sura mpya: unaweka chombo chako, unabonyeza kiasi cha shilingi ulizo nazo, unachotewa. Kazi iliyobaki ni ya wakaguzi wa viwango kuhakikisha mashine ni safi na kilichomo hakijachakachuliwa. Mwenye hela kidogo akinunua kwa kupima analipia chakula. Akinunua kipakti, sehemu ya hela yake ndogo inakwenda kwenye karatasi ya kung'aa ambayo ina tabaka za plastiki na alumini zilizogandamana, na tabaka hizo kuzitenganisha ni kazi ngumu kiasi kwamba karibu hakuna anayehangaika kuziokota.

Kwa hiyo naomba nini?

Kwa serikali na wabunge wetu, naomba sheria imfuate mfungashaji. Kenya ilipitisha mwaka 2022 Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, inayomtaka mzalishaji awajibike kwa bidhaa na kifungashio chake mpaka mwisho wa maisha yake. Ujerumani tangu mwaka 2003 humtoza mnunuzi senti 25 za yuro kwa chupa ya plastiki ya kutumika mara moja au kopo la kinywaji, na humrudishia akikirejesha chombo. Zaidi ya vyombo tisa katika kila kumi hurudi. Si kwamba Wajerumani wanapenda usafi kuliko sisi. Chupa ina hela ndani yake, basi. Chupa ya maji ya kwetu ikiwekwa hata shilingi mia moja ya kurudishiwa, haitafika Jangwani. Mtoto ataiokota kabla haijagusa mfereji, na yule kijana mwenye kiroba atalipwa kwa idadi kama nilivyohesabiwa mimi chupa za Mama, badala ya kungoja kilo isiyotimia.

Kwa wenye viwanda, naomba kabla hamjachagua rangi ya kifungashio, mjiulize kitarudi vipi. Rudisheni chupa za kujazwa mahali ambapo mlizipunguza. Malori yenu yanayopeleka bidhaa mikoani yapangeni yarudi na kreti, na madumu, na maboksi, na mazao ya wakulima wa njiani. Mwenye saruji asiyemuuzia mkandarasi mkubwa mfuko mmoja mmoja bali tanki zima la unga wa saruji, huyo ameondoa mamia ya mifuko kwa safari moja.

Na kwetu sisi wanunuzi, naomba kitu kidogo. Mzigo tumeuona sasa ni wa nani, hatuwezi tena kusema ni sufi. Kesho ukienda dukani uliza kama ipo ya chupa ya kioo. Uliza kama mafuta yanapimwa. Mangi ni mfanyabiashara. Akiulizwa mara kumi, siku ya kumi na moja atakuwa ameagiza. Na mgeni akifika nyumbani, ukamwita mwanao umtume soda, usimpe hela peke yake.

Mpe hela na chupa tupu.